Kinyago Kinamalizikia Shingoni

Kinyago changu cha kwanza kilinifia usoni. Ilikuwa Bunda, saa nane mchana, jua la Januari, watu kama hamsini wamezunguka. Nilikuwa nimekitengeneza kwa magazeti na uji wa ngano, nikakipaka rangi nje vizuri sana, na ndani nikakiacha kama kilivyo. Jasho likaanza kazi yake. Karatasi ikanywa, ikalegea, pua ikainama kuelekea kidevuni. Hapo nikafanya kosa lililonifundisha zaidi ya mengine yote: nikainua mkono nikakishika. Mpaka dakika ile watu walikuwa wanamtazama bibi kizee mchawi. Nilipokigusa tu, bibi akatoweka, wakabaki wanamtazama mwalimu wa shule aliyeshika karatasi mbichi.

Tangu siku hiyo ni miaka mitano, na mimi na vijana saba wa Musoma tumeshatengeneza vinyago zaidi ya thelathini. Naandika haya kwa ajili ya mwalimu wa sanaa za maonyesho, au kijana wa kikundi cha mtaani, anayetaka kuanza na hana fedha ya mbao wala patasi. (Nasema kinyago, sisemi barakoa. Tangu 2020 ukisema barakoa mtu anakumbuka hospitali.)

Wataalamu wa vinyago katika nchi hii wanajulikana, ni Wamakonde. Watu wengi wakisikia jina hilo wanawaza sanamu nyeusi za mpingo zinazouzwa Mwenge, Dar es Salaam. Lakini kinyago cha kucheza, lipiko, hakichongwi kwa mpingo. Huchongwa kwa mti mwepesi, kwa sababu kuna mtu atakayekibeba kichwani akiruka nacho. Mapiko mengi ni kama kofia nzima: yanavaliwa kichwa kikiwa kimeinuliwa nyuma, na mchezaji anaona njia kupitia tundu la mdomo wa kinyago, siyo machoni. Mwili mzima umefunikwa nguo, asijulikane ni nani. Huonekana wakati wa sherehe za jando na unyago, na nyuma yake kuna mambo ambayo asiyepitia hatakiwi kuyajua.

Musoma nilibahatika kumpata mzee mmoja wa Kimakonde aliyehamia huku siku nyingi. Nilikwenda kwake na daftari. "Shikamoo mzee, nimekuja kujifunza lipiko." Aliitikia marahaba, akanikaribisha chai, akaniacha ninywe mpaka nimalize. Kisha akasema, "Mwanangu, lile si langu kukupa. Lakini kushika kisu nitakuonyesha, na kutazama uso nitakuonyesha. Uso wenyewe utautafuta kwenu." Niliona kama amenifungia mlango. Leo namshukuru. Kama angenikubalia, ningekuwa naiga kwa watu kitu kitakatifu cha watu wengine, na ningekiiga vibaya.

Kwetu Mara sijakuta ngoma ya asili inayochezwa kwa kinyago cha uso. Tuna litungu la Wakurya, tuna njuga, tuna ngozi na manyoya, uso unabaki wazi. Kwa hiyo nilianza bila cha kuiga, na nilikwenda kuutafuta uso kwenye mawe. Anayeijua Musoma anayajua: mawe makubwa ya ufukweni, yamepandana, mengine yamebebwa na jiwe dogo kuliko yenyewe. Saa sita mchana ni mawe tu. Njoo saa kumi na moja jioni, jua likiwa limelala upande wa ziwa, uyaone yanavyokuwa na mashavu, paji la uso, mdomo uliokunjwa. Nilikaa pale jioni nyingi nikichora. Nilichokielewa ni kwamba sura inaonekana kwa mbali kwa sababu ya kivuli. Mikunjo midogo midogo ya uso niliyokuwa naihangaikia haikuwa na maana. Jiwe lina sehemu tano au sita kubwa tu, na kila moja inapokea jua kivyake.

Basi ukiketi na udongo wako, anza na sehemu hizo tano. Mimi natumia udongo wa kichuguu. Naulowanisha siku mbili, nachuja changarawe, naukanda kama ugali mpaka uache kunata mkononi. Udongo wa mfinyanzi ni bora zaidi ukiupata. Mpime atakayevaa: kutoka penye nywele hadi kidevuni, upana wa uso, na umbali kati ya mboni na mboni. Kila upande ongeza unene wa kidole, maana ndani kutakuwa na sponji na karatasi ikikauka husinyaa kidogo. Paji la uso lisukume mbele lifunike macho kama kibaraza cha nyumba. Shimo la jicho lizame kuliko unavyothubutu. Halafu simamisha ukutani ubao uliobeba udongo, rudi nyuma hatua kumi na tano, utazame. Usiku zima taa, mulika tochi kutoka ubavuni. Kama uso haubadiliki tochi inapohama, rudi kwenye udongo. Hapa ndipo pa kutumia siku zako. Mimi natumia wiki nzima kwenye udongo na siku mbili tu kwenye rangi.

Ukitaka kinyago kimoja, paka udongo mafuta ya mgando kwa wingi, bandika karatasi juu yake, zikikauka uuchokoe udongo kwa nyuma. Ukitaka vinyago kadhaa vya sura moja, chukua unga wa jipsamu wanaoutumia mafundi wa dari, ukoroge uwe mzito kama maziwa mgando, uumwage juu ya udongo uliopakwa mafuta. Ukishakuwa mgumu, toa udongo, utabaki na kalibu yenye uso kwa ndani. Karatasi utazibandika humo ndani, na nje ya kinyago itatoka safi kabisa.

Karatasi nzuri kuliko zote ni mfuko wa saruji, ule wa karatasi, siyo wa nailoni. Utikise, uuoshe vumbi lote, maana saruji inachoma ngozi. Uchane kwa mkono vipande vya vidole viwili, usikate kwa mkasi: ukingo uliochanwa unalala, uliokatwa unaacha mstari. Gundi ni uji wa unga wa muhogo, ambao nyumba nyingi za huku hazikosi. Upike mpaka ubadilike kutoka mweupe uwe kama kioo cha ukungu, tia kijiko cha chumvi na maji ya majani ya mwarobaini yaliyochemshwa, wadudu wasije wakakila kinyago stoo. Bandika safu moja ya gazeti, inayofuata ya mfuko wa saruji, ndipo utajua kwa rangi wapi umefika na wapi umeruka. Safu nane zinatosha. Kila safu mbili, anika kivulini penye upepo. Upepo wa ziwa unakausha kwa siku moja. Wakati wa masika hesabu tatu, na usikubali kushawishika kuweka jikoni, kitapinda.

Toboa pua kabla ya macho. Anayevaa ataweza kuvumilia kuona kidogo, lakini kukosa hewa hawezi. Ndani piga msasa, kisha paka vanishi mara mbili au gundi nyeupe ya maseremala iliyozimuliwa, mpaka kwenye kingo za matundu. Ndicho nilichokosa Bunda. Sponji weka mahali patatu tu, kipaji na mifupa miwili ya mashavu, ili hewa ipite pembeni. Lastiki iwe pana, ipite juu ya masikio.

Kuhusu rangi nitasema neno moja: usitumie inayong'aa. Jua likipiga juu ya rangi ya mafuta, mng'ao unafuta vivuli vyote ulivyovihangaikia wiki nzima. Anza na rangi ya maji ya udongo mwekundu, shuka kwenye giza penye mashimo, panda kwenye mwanga penye mifupa.

Sasa umemaliza kutengeneza, na hapa wengi wanaishia. Tunao msemo: kinyago ulichokichonga mwenyewe hakikutishi. Ni kweli, na ndiyo hatari yenyewe. Mtengenezaji anakijua kila kipande cha gazeti kilichomo, kwa hiyo akikivaa anaona ameweka kitu usoni, basi. Anatikisa kichwa, anapunga mikono, anaigiza vilevile alivyokuwa akiigiza bila kinyago. Kinakuwa kimekufa. Kwa mwezi mzima vijana wangu walikuwa hivyo, nami sikujua nini cha kuwaambia zaidi ya "fanya taratibu".

Nilipata msaada kwa kusoma wanavyofanya wengine. Katika tamthilia ya Noh ya Japani, mwigizaji huketi kwanza mbele ya kioo katika chumba maalumu, anakivaa kinyago na kukitazama kabla hajaingia jukwaani. Na kinyago kilekile cha mbao, akikiinua kidogo kinapata nuru kama kinatabasamu. Akikiinamisha, kinaingia kivuli kama kina huzuni. Ufaransa, Jacques Lecoq, aliyefungua shule yake Paris mwaka 1956, aliwaanzisha wanafunzi na kinyago kisicho na hisia yoyote, cha ngozi, kilichotengenezwa na mchongaji Mwitaliano Amleto Sartori. Mwili ukikosa sura ya kujificha nyuma yake, unalazimika kusema wenyewe.

Tukaazima kioo kikubwa saluni. Kila kijana alikaa na kinyago mapajani, akakitazama dakika tano, akakivaa huku ametupa mgongo, akageuka kwenye kioo. Kijana wa tatu alipogeuka, alirudi nyuma hatua moja. Kilimtisha, tena alikibandika yeye mwenyewe. Kuanzia pale tulijua tunatafuta nini.

Zoezi letu kubwa ni la mtumbwi. Umesimama ufukweni, umevaa. Unasikia injini mbali ziwani. Usigeuze kichwa upesi. Kwanza mwili wote unasimama kimya, kwa sababu kinyago hakiwezi kukodoa macho. Utulivu ndio kukodoa kwake. Kisha pua inatafuta sauti. Katika kinyago pua ndiyo jicho: inakoelekea, ndiko watu wanakoamini unatazama. Shingo inafuata, kifua, mwisho miguu. Kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukishauona mtumbwi, warudie watazamaji, waonyeshe uso wako uliouona, ndipo uendelee. Kinyago kilichogeuka ubavu kwa muda mrefu watu wanakisahau. Usikiguse kamwe ukiwa mbele ya watu. Na usizidishe dakika kumi kwenye jua letu, hata kama kijana anasema anaweza.

Kinyago kizima hakisemi. Sauti ikitoka nyuma ya mdomo usiosogea, watu wanagundua kuna mtu ndani. Ukitaka maneno, kiishie juu ya mdomo wa juu, kama walivyofanya Waitaliano wa zamani katika vichekesho vyao vya sokoni.

Jambo jingine ambalo sikulisoma popote: nenda kwa watu kabla ya onyesho. Ukanda wetu unaogopa uchawi, na hofu hiyo imeshaua watu, tena vikongwe. Baada ya aibu ya Bunda sikumchezea tena bibi mchawi, nami sitamchezea. Sasa namwona afisa utamaduni, namwona mwenyekiti wa mtaa, na siku yenyewe navipanga vinyago juu ya mkeka, vitupu, wazee wavishike na kuvigeuza, watoto waingize vidole kwenye macho. Kijana anakivaa mbele yao, anakivua, anakivaa. Nilidhani kitapoteza nguvu. Watu wanaojua ni karatasi wanakubali kwa hiari yao kuamini.

Tulipokwenda Butiama tulibeba igizo tuliloona linapafaa. Mwalimu Nyerere, aliyezaliwa pale mwaka 1922, alimfasiri Shakespeare kwa Kiswahili: tamthilia ya Julius Caesar ilitoka 1963, na Mabepari wa Venisi 1969. Katika ile ya Kaizari kuna onyesho fupi la umati wenye ghadhabu unaomkuta mshairi njiani. Jina lake limefanana na la mmoja wa waliokula njama. Anasema yeye ni mshairi. Wanamuua hivyo hivyo. Magazeti yetu yana maneno yao kwa jambo hilo: wananchi wenye hasira kali. Kila ninapoyasoma nauliza hao wananchi wana sura gani, kwa sababu kesho yake kila mmoja hakuwepo.

Kwa hiyo umati wetu ulikuwa na sura moja. Kalibu moja, vinyago sita vya nusu uso, mashavu ya jiwe, paji limefunika macho. Mshairi peke yake tulimwacha bila kinyago. Saa kumi na moja jioni, watazamaji tukawaketisha mgongo kwa jua ili nuru itupige sisi. Wale sita walikuwa wameketi katikati ya watu muda wote, vinyago vikiwa ndani ya mifuko. Jina lilipotajwa wakainama, wakavaa, wakasimama. Hawakukimbia. Pua sita zikamgeukia kijana wetu, shingo, kifua, miguu.

Tulikuwa tumepanga wamzingire, waite jina lake mara tatu, kisha waanguke naye chini. Walipoita mara ya pili, bibi mmoja aliyekuwa ameketi mbele kwenye khanga akainuka kwa shida, akashika fimbo yake, akaingia katikati yao.

"Muacheni mtoto wa watu!"

Vinyago sita vikamgeukia. Taratibu, pua kwanza, kama walivyofundishwa. Bibi hakurudi nyuma. Sikuwa nimewafundisha kitakachofuata, wala sikujua, na nilipotaka kuingia kuokoa igizo kijana aliyekuwa mbele kabisa akainamisha kichwa polepole mpaka uso wote ukaingia kivulini, akabaki hivyo. Wa pili akafuata. Mshairi alitoka nje ya duara akiwa ameshikwa mkono na yule bibi, wakaenda kuketi pamoja kwenye khanga.

Mara iliyofuata tulipolicheza, Musoma, tuliacha nafasi hiyo wazi, tukasubiri.