SOMO LA 27: TONE, TONE, TONE

Kalemie iko kando ya ziwa Tanganyika. Maji ya ziwa hayaishi. Lakini kuanzia mwezi wa tano mvua hukoma, na udongo wa vilimani hukauka na kupasuka.

Tumtazame mama mwenye bustani ya nyanya kilimani. Kila siku anapanda na ndoo kichwani, ndoo 20. Anamwaga maji: mengine yanapotea njiani kati ya matuta, mengine yanakaushwa na jua, mengine yanalisha magugu. Akichoka anawatuma watoto, na nafasi zao darasani zinabaki tupu. Ndiyo sababu wengi huacha nyanya wakati wa kiangazi. Basi sokoni zinakuwa chache na bei inapanda. Aliye nazo siku hizo atapata faranga.

Iko njia nyingine. Pipa huwekwa juu ya miti, kimo cha metri moja. Chini yake hutoka mipira myembamba yenye matundu madogo, nayo hulazwa juu ya matuta. Maji hushuka yenyewe, tone, tone, tone, penye mizizi. Huko Kenya, katika miaka ya 1990, wakulima wengine walianza na ndoo moja tu.

Fundi wa maji Simcha Blass aliona zamani mti mmoja uliokua kuliko wenzake. Kumbe, bomba lilikuwa likivuja karibu na mizizi yake! Mwaka 1965 kiwanda cha mipira hiyo kilianza Hatzerim, katika nchi ya Israeli.

Kwa matone, maji yanayohitajiwa yaweza kupungua hata nusu. Mama yetu atachota ndoo 10 badala ya 20. Kwa siku 90, hizo ni ndoo 900 ambazo shingo yake haikubeba.

Lakini mipira hununuliwa, tena mchanga huziba matundu. Maji yachujwe kwa kitambaa kabla ya kutiwa katika pipa.

Maulizo
1. Kwa nini bei ya nyanya hupanda wakati wa kiangazi?
2. Mama alinunua pipa na mipira kwa faranga 60.000, mbegu na samadi kwa faranga 15.000. Aliuza nyanya za faranga 120.000. Alipata faida gani?
3. Mwaka wa pili pipa na mipira ni ile ile. Fanya hesabu tena.