Kabla Hujamwaga Maji Kwenye Mwamba

Somo: Mdo 17:22-28.

Wengi tunaijua Idodi kama kijiji cha njiani tu, ukitoka Iringa kwenda Hifadhi ya Ruaha. Kumbe kwenye miamba ya huko kuna michoro ya kale. Kuifikia mnaacha njia, mnapita vichaka vya miiba, mnapanda mawe kwa mikono. Kikundi kinafuata mwendo wa aliyechoka zaidi. Hilo peke yake ni katekesi.

Mkifika, kishawishi kinakuja. Mchoro umefifia, simu iko mkononi, chupa ya maji ipo. Mwaga kidogo, rangi ing'ae, tupige picha! Jamani, tusifanye hivyo. Maji yakimwagwa mara kwa mara huharibu rangi. Kuandika jina kwa mkaa nako ni uharibifu. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda urithi huu, na Papa Fransisko katika Laudato si' (2015), namba 143, anatudai tuutunze pamoja na mazingira.

Ila sisi tuna sababu ya ndani zaidi. Paulo kule Athene alizitazama kwanza madhabahu za wenyeji, ndipo akahubiri kwamba Mungu hayuko mbali na yeyote. Waliochora Idodi hawakuisikia Injili, lakini Mungu hakuwa mbali nao. Kufuta alama yao ili jina lako lionekane ni kumkana ndugu.

Zoezi: mkitembelea michoro, simameni kimya dakika tano, mwaombee waliochora. Maji mpe mwenzako aliyechoka.