Somo: Kumpima mhusika mpya katika mchezo wa gacha

Neno gacha ni tanakali ya sauti ya Kijapani: mlio wa mashine ya vinyago inapozungushwa. Mnunuzi hulipa kwanza, kisha huona alichopata. Kwa hiyo, kabla ya kumsifu mhusika mpya, tuulize maswali matatu.

Kwanza, ana kazi gani? Katika Genshin Impact, Kokomi alitoka Septemba 2021. Wengi walimwita dhaifu, kwa kuwa kipaji chake kimoja kinapunguza nafasi ya pigo kali kwa 100%. Lakini kipaji hicho hicho kinaongeza uponyaji wake kwa 25%. Kokomi ni mganga. Neno «dhaifu» halina maana mpaka tuseme: kwa kazi gani?

Pili, anashirikiana na nani? Agosti 2022 mchezo uliongeza nguvu ya mimea, na maji ya Kokomi yakapata matumizi mapya. Kipaji chake kilibaki kilekile. Wenzake ndio walioongezeka.

Tatu, ana bei gani? Kila mvuto una nafasi ya 0,6% ya kumleta mhusika wa nyota 5. Mivuto 10 haifiki 6%. Uhakika huja kwenye mvuto wa 90, na hata hapo anaweza kutoka mwingine. Anayegusa pesa za masomo ajue hesabu hiyo kwanza.

Sifa isiyotaja kazi, wenzi na bei ni tangazo, si tathmini.

Zoezi: chagua mhusika unayempenda, umpime kwa sentensi tatu bila kutumia neno «bora».