Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Somo juu ya Madaktari wa Meno wa Kujitolea



Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Somo la toleo hili lahusu wageni ambao methali hiyo yawafaa kwa maana yake halisi. Nao ni madaktari wa meno kutoka ng'ambo, wanaotumia likizo zao kuja kuwatibu watu wa vijiji vilivyo mbali na hospitali. Siku yoyote chama cha msingi chaweza kuombwa ghala lake liwe kliniki kwa siku mbili tatu. Katibu atajibu nini? Kukubali ni rahisi. Lakini inampasa akubali kwa namna itakayowafaa wanachama hata baada ya gari la wageni kuondoka.

Maumivu ya jino ni jambo la chama

Mkulima mwenye jipu la jino halali usingizi, hali chakula, wala hapalilii. Asipopata tabibu hununua vidonge vya maumivu dukani wiki baada ya wiki, au humwendea mtu mwenye koleo la kung'olea misumari. Usaha ukishuka shingoni na kubana njia ya pumzi, huua. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba watu wapatao bilioni 3.5 wana maradhi ya kinywa, na kwamba wengi wao wanaishi katika nchi zisizo tajiri. Nasi twajua kwamba madaktari wa meno wengi hukaa mijini. Hivyo mwanachama wa kijijini hulipa nauli kubwa kuliko gharama ya kung'oa jino lenyewe, au huvumilia.

Kliniki inayopita

Kliniki za kusafiri si jambo geni, wala si za nchi maskini peke yake. Stan Brock, Mwingereza aliyechunga ng'ombe katika mbuga za Guyana, Amerika ya Kusini, aliumizwa na farasi akaambiwa kwamba daktari wa karibu yuko mwendo wa siku 26 kwa miguu. Mwaka 1985 alianzisha shirika la Remote Area Medical ili kuwafikia watu wa mahali kama pale. Baadaye shirika hilo lilifungua kliniki katika Marekani kwenyewe. Huko watu walijipanga tangu usiku wapate kung'olewa na kuzibwa meno bila malipo.

Kazi hiyo ni njema, na aliyeondolewa maumivu hawezi kuidharau. Lakini ina fundisho kwetu. Hata pale kliniki iliporudi mwaka baada ya mwaka, foleni iliikuta. Kliniki inayopita huondoa jino linalouma leo. Jino litakaloanza kuuma mwezi ujao hulikuta limekwisha ondoka.

Siku ya tatu mpe jembe

Wahenga hao hao walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jembe la daktari wa meno ni kufundisha.

Mfano tunao hapa nchini. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 shirika la Bridge2Aid la Uingereza lilianza kazi Mwanza. Madaktari wake wa kujitolea hawakuja kung'oa meno peke yake. Walisimama bega kwa bega na matabibu wa zahanati na vituo vya afya vya vijijini, wakawafundisha kumpima mgonjwa, kuchoma sindano ya ganzi, kung'oa jino bila kuvunja mzizi, kuzuia damu, na kumtambua mgonjwa anayepaswa kupelekwa hospitali. Waliwafundisha pia kusafisha vyombo kwa sufuria ya presha mahali pasipo na umeme, kwa sababu kuchemsha katika sufuria ya kawaida hakuui vijidudu vyote. Wagonjwa waliokusanyika walitibiwa, na papo hapo tabibu alijifunza. Wageni waliporudi kwao, ujuzi ulibaki zahanatini.

Tusidhani pia kwamba elimu hii yote hutoka ng'ambo. Katikati ya miaka ya 1980, katika shule ya madaktari wa meno ya Dar es Salaam, Jo Frencken kutoka Uholanzi na wenzake walianza kujaribu njia ya kuziba meno bila umeme na bila mashine. Sehemu laini iliyooza huondolewa kwa vyombo vya mkono, na tundu huzibwa kwa saruji ya meno inayochanganywa palepale. Shirika la Afya Duniani liliitambulisha njia hiyo kwa ulimwengu tarehe 7 Aprili 1994, na mwaka 2021 saruji ya aina hiyo iliingizwa katika orodha yake ya dawa muhimu. Kwa hiyo mgeni akisema kwamba bila jenereta hawezi kuokoa jino, bali kuling'oa tu, katibu ana haki ya kumwuliza habari ya njia hii iliyoanzia hapa kwetu.

Jambo ambalo mgeni hatalisikia

Katika baadhi ya mikoa, mtoto mchanga akipata homa au kuharisha husemekana ana "meno ya plastiki" au "meno ya nailoni". Ufizi wake hukatwa na vichipukizi vya meno hung'olewa kwa kifaa kichafu. Watoto wamevuja damu, wamepata maambukizo, na wengine wamekufa, hali ugonjwa wenyewe ulikuwa malaria au kuhara tu. Mgeni wa siku tatu hasikii mazungumzo haya, maana mama hamwelezi mtu asiyemjua. Tabibu anayeishi nasi na kusema lugha yetu ndiye awezaye kumwambia mama huyo: usimkate mtoto, mlete zahanati.

Mambo ya kuuliza kabla ya kutoa ghala

1. Je, Mganga Mkuu wa Wilaya na Daktari wa Meno wa Wilaya wana habari, na wamekubali?

2. Je, kila daktari mgeni ana kibali cha Baraza la Madaktari Tanganyika? Mwanafunzi asiyeruhusiwa kutibu kwao asije kujifunzia vinywani mwa wanachama wetu.

3. Ni tabibu gani wa zahanati yetu atakayefundishwa, na kwa siku ngapi?

4. Vyombo vitasafishwaje baina ya mgonjwa na mgonjwa, na sindano zilizotumika zitateketezwa wapi?

5. Mgonjwa akitokwa damu au kuvimba baada ya wageni kuondoka, atamwendea nani?

6. Vyombo gani vitabaki, na ganzi ikiisha itanunuliwa kwa fungu gani?

Majibu yaandikwe. Mgeni mwema hataudhika kwa kuulizwa. Huenda akafurahi kukuta wenyeji waliojiandaa.

Wajibu wetu wenyewe

Kanuni za ushirika zilizothibitishwa ulimwenguni mwaka 1995 zataja elimu na mafunzo, na zataja kuijali jamii. Chama chaweza kutimiza zote mbili kwa gharama ndogo. Kiweke dukani dawa ya meno yenye floraidi ya bei nafuu. Kiwaeleze wanachama wasiwazoeze watoto soda na peremende, na wapige mswaki mara mbili kwa siku. Kamati ya chama yaweza kuuomba mkutano mkuu kutenga kiasi kutoka ziada kwa ajili ya ganzi na glavu za zahanati, kwa kufuata sheria na masharti ya chama. Tabibu aliyefundishwa lakini hana ganzi ni sawa na mkulima mwenye shamba asiye na mbegu.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Katika kijiji chetu, mtu aumwapo jino usiku wa leo, atakwenda wapi kesho, na atatumia fedha kiasi gani?

2. Je, zahanati yetu ina mtu aliyefundishwa kung'oa jino kwa usalama? Kama hayupo, nani atapeleka ombi wilayani, na lini?

3. Tukipewa nafasi ya kuchagua kati ya kliniki ya siku tatu itakayotibu watu wengi, na ya wiki mbili itakayotibu wachache lakini imfundishe tabibu wetu, tutachagua ipi, na kwa nini?

Katibu aandike maamuzi ya kikundi katika kitabu cha kumbukumbu na kuyasoma katika mkutano ujao. Siku barua ya wageni itakapofika, chama kitakuwa na jibu tayari.