Neno "Open" ni Kitenzi au Kivumishi?

Kwenye mlango wa duka pametundikwa kibao cha "open". Ndani ya duka hilo kuna pakiti ya maziwa iliyoandikwa "open here" pembeni. Neno ni lilelile, lakini mlangoni ni kivumishi, linakwambia duka liko wazi; kwenye pakiti ni kitenzi, linakuamuru ufungue. Aliyekariri kwamba "open" ni kitenzi atapata moja na kukosa moja, wala hatajua kwa nini.

Sisi tumezoea lugha inayoyavalisha maneno sare. Sema "vitabu vizuri vimepotea" na viambishi vyenyewe vitakuonyesha nomino iko wapi, kivumishi chake ni kipi na kitenzi ni kipi. Kiingereza cha kale nacho kilikuwa na viambishi vingi, ila sehemu kubwa ilikwisha kupotea kufikia karne ya 15. Kazi iliyokuwa ikifanywa na viambishi sasa hufanywa na nafasi ya neno katika sentensi. Kwa hiyo, kabla ya kulipa neno jina, tazama limekaa wapi na linafanya nini hapo.

Nomino hukubali kutanguliwa na "the", "a" au "my". Kitenzi hukubali kubadilishwa wakati. Chukua simu yako: kitufe cha "call" ni kitenzi, maana unaweza kusema "I called". Lakini "missed call" ni simu uliyoikosa, na hapo "call" ni nomino. Unaweza kuzihesabu, "three missed calls". Angalia tu kwamba "the" haigusani na nomino kila mara. Katika "the old red bus", nomino ni "bus", iliyo mwishoni kabisa.

Kivumishi cha sifa mara nyingi hukubali "very": "a very cold drink". Kipimo hiki kinasaidia sana pale nomino mbili zinapofuatana. "School bus" huwadanganya wengi wakadhani "school" ni kivumishi kwa sababu imetangulia. Jaribu kusema "very school bus" uone kama inakaa. Haikai. "School" imebaki nomino, ingawa inaieleza nomino nyingine.

Penye mtego mkubwa ni kwenye vielezi. Shuleni tunafundishwa kwamba neno likiishia na "-ly" ni kielezi, na kwa "quickly" na "slowly" ni kweli. Lakini "friendly", "lovely" na "lonely" ni vivumishi. "Daily" huwa vyote viwili: kivumishi katika "a daily newspaper", kielezi katika "paid daily". Kisha kuna vielezi visivyo na mkia huo, kama "fast" na "hard". Ukimwandikia mtu barua ya kumwombea kazi, andika "she works hard", anajituma. Ukiandika "she hardly works" ukidhani unanogesha kielezi, umesema kwamba ni kama hafanyi kazi, na kazi yenyewe huenda akaikosa.

Maneno ya "-ing" ni mepesi kwetu kuliko tunavyodhani. Kibao cha "no parking" kina nomino, sawa na "kuegesha" katika "kuegesha hapa ni marufuku". Katika "he is parking" ni sehemu ya kitenzi.

Wakati mwingine sikio husaidia. Katika "record", mkazo ukiwa mwanzoni ni nomino, ukiwa mwishoni ni kitenzi. "Use" ikitamkwa kwa sauti ya s ni nomino, kwa sauti ya z ni kitenzi. Tahajia nayo hutenganisha "advice", ambayo ni nomino, na "advise", ambayo ni kitenzi.

Vihusishi na viunganishi havisumbui sana. "Before lunch" ina kihusishi, kwa kuwa kinachofuata ni nomino. "Before you eat" ina kiunganishi, kwa kuwa inafuatwa na kishazi chenye kitenzi chake. Vihisishi kama "oh" na "wow" hujitambulisha vyenyewe.

Kuna mahali vitabu vyenyewe havipatani. "This" katika "this book" huitwa kivumishi na vitabu vya zamani, ilhali sarufi za sasa huiweka kwenye kundi la vibainishi. Katika "this is mine" ni kiwakilishi. Kwenye mtihani, fuata kitabu kinachotumika darasani kwako.

Ukifungua kamusi, usiishie kwenye maana ya kwanza. "Well" ni kisima, ni "vizuri", na pia ni hali ya mtu aliye mzima. "Round" inaweza kuwa nomino, kitenzi, kivumishi, kielezi au kihusishi. Ndiyo maana walimu, na wazazi mnaosaidia kazi za nyumbani, tunawaomba msimpe mtoto orodha ya maneno matupu ataje aina zake. Mpeni sentensi.