Mdoli Anayeongea Asiachiwe Mtoto

Midoli inayojibu maswali kwa akili mnemba imeanza kuingia majumbani, na wauzaji wanaahidi kwamba itamfundisha mtoto kuongea. Itamsaidia, kwa sharti kwamba mtu mzima awepo. Mwaka 2016 mtafiti wa Marekani, Anna Sosa, alichapisha matokeo ya kuwarekodi wazazi wakicheza na watoto wa miezi 10 hadi 16. Penye vichezeo vya betri, wazazi waliongea machache kuliko walipofungua vitabu. Vichezeo vile havikuwa na akili mnemba, lakini kishawishi ni kilekile: kitu kikiongea, mzazi hunyamaza.

Kwa hiyo keti naye. Mdoli akiuliza, "Unapenda mnyama gani?", usimjibie mtoto. Hesabu kimoyomoyo hadi tano, atafute neno mwenyewe. Akisema "Paka", dakia: "Paka yupi, yule mweusi wa bibi?" Mdoli hawezi kuuliza hivyo, maana hamjui paka wala bibi. Mtoto akisema "kalatasi", usimkaripie; mrudishie tu, "Ndiyo, karatasi nyeupe," ausikie mtamko sahihi bila kuona haya.

Lugha ndiyo kikwazo kikubwa. Midoli mingi huongea Kiingereza, tena matamshi ya mtoto mdogo huipiga chenga. Mtoto asipoeleweka mara mbili tatu, huvunjika moyo, hapo zima mdoli. Robo saa kwa siku yatosha. Baadaye tegeaneni vitendawili: ukisema "Kitendawili!" naye akaitikia "Tega!", tayari anajifunza kusubiri zamu yake ya kuongea, na hamkulipa hata senti. Kwa aliye chini ya miaka 3, mimi nisingenunua mdoli huyo kabisa.

Angalia pia maikrofoni. Mwaka 2017 Ujerumani ilipiga marufuku mdoli aitwaye My Friend Cayla kwa kuwa angeweza kutumiwa kusikiliza mazungumzo ya watoto kwa siri. Kabla ya kulipa, uliza sauti ya mwanao inahifadhiwa wapi na inafutwaje. Mdoli asilale chumbani mwa mtoto, wala asiambiwe jina kamili la mwanao.

Na mtoto aliyetimiza miaka 2 bila kuunganisha maneno mawili, kama "mama njoo", asingojeshwe mdoli. Mpeleke kliniki, aanze kwa kupimwa masikio.