Anasoma Sawa, Lakini Polepole: Disleksia kwa Mtoto Anayesoma Kiswahili

Kijitabu hiki ni cha mzazi, mlezi na mwalimu wa madarasa ya mwanzo. Kimeandikwa kwa ajili ya mtoto anayezungumza vizuri, anayesimulia hadithi mpaka wenzake wakamzunguka, anayetumwa dukani akarudi na chenji kamili, lakini akishikishwa kitabu anakwama. Mtoto huyu huitwa mvivu. Wengine humwita mzito wa kichwa, na wapo wanaoanza kumtafuta aliyemroga. Watafiti wamemchunguza kwa zaidi ya miaka mia moja na hawakukuta lolote kati ya hayo. Hali yake inaitwa disleksia. Makadirio mengi huiweka kati ya asilimia 5 na 10 ya watoto, maana yake darasa la wanafunzi 80 huenda lina wanne hadi wanane.

Ubongo hauji na kusoma

Mtoto hujifunza kusema kwa kukaa na watu tu. Kusoma ni habari nyingine. Maandishi yana umri wa miaka ipatayo 5,000, muda mfupi mno kwa ubongo wa binadamu kuota sehemu maalumu ya kazi hiyo. Kila anayejifunza kusoma huchukua sehemu za ubongo zilizokuwa na kazi zake, zile za kutambua sura na vitu na zile za kusikia lugha, akazifunga pamoja kwa mazoezi.

Daktari Mfaransa, Joseph Jules Dejerine, alilishuhudia hili mjini Paris. Mwaka 1887 mgonjwa wake aligundua ghafla kwamba hawezi tena kusoma. Aliona vizuri, alizungumza vizuri, hata kuandika aliweza. Alichoshindwa ni kusoma alichokiandika mwenyewe. Mgonjwa huyo alipofariki mwaka 1892, Dejerine alikuta jeraha upande wa nyuma wa nusu ya kushoto ya ubongo. Zaidi ya miaka mia moja baadaye, mwaka 2000, Laurent Cohen na Stanislas Dehaene walitumia mashine za kupiga picha za ubongo unapofanya kazi, wakaonyesha kwamba katika eneo hilohilo, chini na nyuma upande wa kushoto, pana sehemu inayochangamka jicho linapokutana na neno lililoandikwa.

Mwaka 2010 Dehaene na wenzake walichapisha uchunguzi wa watu wazima 63 wa Brazil na Ureno. Baadhi hawakuwahi kujifunza kusoma, wengine walijifunza utotoni, na 22 walijifunza wakiwa watu wazima. Kwa wasomaji, sehemu ile ya nyuma iliitikia herufi kwa nguvu, na hata waliojifunza ukubwani ubongo wao ulikuwa umebadilika. Tunaomba walimu wa elimu ya watu wazima waikumbuke taarifa hii kila mara wanaposikia kwamba samaki hukunjwa angali mbichi. Kwa kusoma, samaki huyu hukunjika hata akiwa mkavu. Anahitaji muda zaidi tu.

Shida iko wapi hasa

Mwaka 1896 daktari Mwingereza, W. Pringle Morgan, aliandika kuhusu mvulana wa miaka 14 aliyeitwa Percy. Alikuwa mwerevu, hodari wa michezo, na tarakimu alizisoma bila taabu. Maneno yalimshinda, hata jina lake aliliandika kwa kukosea mpangilio wa herufi. Mwalimu wake aliamini kwamba kama masomo yote yangefundishwa kwa mdomo, kijana huyo angekuwa wa kwanza shuleni. Morgan alidhani ni aina ya upofu wa maneno, na kwa miongo mingi watu waliendelea kulaumu macho.

Leo tunajua kwamba kwa watoto walio wengi kiini cha tatizo ni sauti za lugha. Mtoto anasikia neno "paka" na kulielewa, lakini kulichambua ndani ya kichwa likawa p-a-k-a, kisha kila sauti kuifunga kwa herufi yake mpaka ifunguke yenyewe bila kufikiri, ndiko kunakomshinda. Sally Shaywitz na Bennett Shaywitz wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, walichapisha mwaka 1998 picha za ubongo zilizoonyesha kwamba wenye disleksia wanaposoma, sehemu za nyuma upande wa kushoto, zinazounganisha herufi na sauti, hazichangamki kama za wasomaji wengine. Akili ya jumla haihusiki. Utafiti wa mwaka 2011 uliwalinganisha watoto wenye shida ya kusoma waliopata alama za juu na za chini katika vipimo vya akili, na ubongo wao ulionyesha upungufu uleule.

Disleksia pia hutembea ndani ya ukoo. Mzazi mmoja akiwa nayo, uwezekano wa mtoto kuwa nayo unakaribia nusu. Huko Jyväskylä, Finland, Heikki Lyytinen na wenzake waliwafuata watoto wapatao 200 tangu kuzaliwa, nusu yao wakitoka katika familia zenye hali hii. Tofauti za jinsi ubongo unavyoitikia sauti za maneno zilionekana wakiwa bado wachanga, miaka kabla ya kushika kitabu. Hakuna mtoto anayeweza kulaumiwa kwa uvivu alioanza nao siku za maziwa.

Kwa nini Kiswahili humficha

Hapa tunaomba msomaji asiharakishe, maana vitabu vingi kuhusu disleksia vimeandikwa kwa kuwaangalia watoto wanaosoma Kiingereza, na dalili zake si zote zinazohamia kwetu.

Kiingereza kina tahajia ngumu kupindukia. Utafiti wa mwaka 2003 uliolinganisha lugha 13 za Ulaya ulikuta kwamba mwisho wa mwaka wa kwanza wa shule watoto wa Finland walisoma karibu maneno yote mepesi waliyopewa, na watoto wa Scotland wanaosoma Kiingereza walipata takriban theluthi moja. Kifini huandikwa kama kinavyotamkwa. Kiswahili ni jamaa yake katika hilo: irabu tano, kila moja na sauti yake.

Mwaka 2001 Eraldo Paulesu na wenzake walichunguza wanafunzi wa vyuo vikuu wenye disleksia nchini Italia, Ufaransa na Uingereza. Waitaliano, ambao tahajia yao ni nyepesi, walisoma vizuri kuliko wenzao. Lakini picha za ubongo za makundi yote matatu zilionyesha upungufu mmoja, mahali pamoja. Tahajia nyepesi huyapunguza makosa. Tofauti ndani ya ubongo hubaki.

Kwa hiyo mtoto wetu mwenye disleksia, akifundishwa silabi kwa bidii, mwishowe atasoma neno na kulipatia. Atachelewa. Mpe neno "watakapowasomea": atalipanda wa-ta-ka-po kama ngazi, na akifika mwisho mwanzo umeshamtoka. Anamaliza sentensi nzima bila kosa, ukimuuliza imesema nini, hajui. Mwalimu mwenye wanafunzi 80 anasikia maneno sahihi, anasonga mbele. Uandishi nao humfichua: "mbwa" ikawa "bwa", "ng'oa" ikawa "ngoa". Katie Alcock na Damaris Ngorosho walichapisha mwaka 2003 uchunguzi wa makosa ya tahajia ya watoto wanaozungumza Kiswahili, wakaonyesha kwamba hata lugha yenye tahajia ya kawaida si kazi ndogo kuiandika.

Kisha Kiingereza kinaingia, iwe mapema kama Kenya au kwa kishindo kidato cha kwanza kama Tanzania, na mtoto aliyekuwa anajikongoja anaanguka. Watu husema amebadilika tabia. Tatizo lilikuwapo siku zote.

Mtazame hivi

Pima kasi yake ya kusoma. Chukua kifungu ambacho mtoto hajawahi kukiona, asome kwa dakika moja, hesabu maneno aliyoyasoma sawasawa, andika tarehe. Rudia kila mwezi kwa kifungu kipya. Mwalimu akifanya hivyo kwa darasa la pili zima, wanaobaki nyuma sana watajitokeza wenyewe. Ongeza maneno ya kubuni kama "tifelo" au "mbwafi": aliyekuwa anakariri kitabu hana pa kujificha.

Watoto wa Pwani wana mchezo wa kinyume, ambapo silabi ya mwisho huletwa mwanzo na "kitabu" kikawa "bukita". Anayepata taabu kubwa kwenye michezo ya namna hii, ilhali ni msemaji mzuri, afuatiliwe.

Kabla ya yote apimwe macho na masikio. Na yapo mambo yasiyotosha kuwa ushahidi. Kuchanganya "b" na "d" ni kawaida ya watoto wote wanaoanza, kwa sababu ubongo umezoea kwamba kitu kikigeuzwa upande ni kilekile. Kuchanganya "l" na "r" mara nyingi ni lugha ya nyumbani inayosikika.

Kinachosaidia

Fundisha sauti na herufi waziwazi, kwa mpangilio, kila siku, kutoka irabu hadi silabi nyepesi hadi "nyw" na "mbw", na usivuke hatua ambayo mtoto bado anaibabaisha. Utafiti wa akina Shaywitz wa mwaka 2004 uliwapa watoto wa miaka 6 hadi 9 mafunzo ya namna hiyo kwa dakika 50 kila siku, miezi minane. Usomaji wao uliimarika, na mwaka mmoja baada ya mafunzo kwisha ile sehemu ya nyuma ya kushoto ilionekana kuchangamka zaidi. Kutoka Jyväskylä ulitoka pia mchezo wa simu wa GraphoGame, unaomsikilizisha mtoto sauti achague herufi yake. Umejaribiwa Zambia kwa Kinyanja. Ni msaidizi mzuri wa mwalimu, hauwezi kushika nafasi yake.

Usinunue miwani ya rangi. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilitamka mwaka 2009, pamoja na madaktari wa macho, kwamba hakuna ushahidi wa kutosha kuwa inatibu hali hii. Fimbo haijawahi kufundisha ubongo wowote kuunganisha herufi na sauti, na mtoto anayesoma kwa hofu husoma vibaya zaidi.

Nyumbani, msomee kwa sauti hata akiwa darasa la tano, ili maarifa yasimpite kwa sababu ya kuchelewa kwake kwenye mstari. Usimnyang'anye mpira wala ngoma kama adhabu. Huenda ndiko anakojiona mtu. Darasani, asilazimishwe kusoma mbele ya wenzake bila kujiandaa, na majibu yake ya mdomo yahesabiwe.

Mitihani mikubwa isiwakute mmelala. Ulizeni shuleni na kwenye baraza la mitihani la nchi yenu ni taratibu zipi zilizopo za kumwongezea muda au kumsomea maswali. Maombi yaanze angalau mwaka mmoja kabla, yakiambatana na ile rekodi ya kasi yake ya kusoma mliyoiandika mwezi baada ya mwezi.